Tulichaguliwaje

Nilipokuwa darasa la tano sikuweza kukaa. Sikuwa mtukutu; sikupigana na mtu wala kupiga kelele. Ila nilipoketi tu, miguu yangu ilianza kutafuta njia. Nilikwenda kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikarudi, nikaomba tena. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu ndani ya soksi. Mwalimu wa darasa letu, baada ya kuchoka kunikemea, aliamua kunisimamisha nyuma kabisa, karibu na kabati la vitabu. Hakujua kwamba kwangu hiyo ilikuwa zawadi. Nikiwa nimesimama niliweza kusikia anachofundisha.

Tuliishi Makadara, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, kwa sababu baba alikuwa karani huko. Shule ilikuwa karibu sana hivi kwamba kengele ikilia ungeweza kumaliza chai yako na bado ukafika. Niliyeketi naye, yaani wakati niliporuhusiwa kuketi, alikuwa msichana mtulivu kutoka ploti ya nyuma yetu. Hesabu alizifanya kama mtu anayechambua sukuma wiki: bila haraka, bila kuinua kichwa, na mwishowe hakuna kilichobaki. Mara nyingi nilichungulia jibu lake ili nijue kama langu lilikuwa sawa.

Siku moja walikuja wageni wawili na mabunda ya vijitabu vya picha. Walituambia huo si mtihani, kisha wakatufanyisha mtihani. Tulitakiwa kusema ni nini kinachokosekana katika picha, ni umbo gani linafuata jingine, ni neno gani halipatani na wenzake. Nilifanya haraka ili niruhusiwe kusimama. Wiki chache baadaye, asubuhi tukiwa tumepanga foleni mbele ya bendera, mwalimu mkuu alisoma majina ya watoto wa darasa la tano ambao wangeanza masomo maalumu ya alasiri, darasa la watoto wenye vipawa. Jina langu lilikuwamo. La mwenzangu wa dawati halikuwamo.

Alinigeukia. Hakuwa na wivu usoni, alikuwa ameshangaa tu.

"Wewe?" akauliza.

Mimi pia nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Tulipewa chumba cha sayansi kimu, ambacho hakikuwa kimetumika kwa muda mrefu. Kulikuwa na masinki yasiyo na maji na harufu ya gesi ambayo ilikuwa imekwisha zamani. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Machakos, ambaye alibeba vifaa vyake vyote ndani ya kiondo kikubwa. Siku ya kwanza alisukuma meza ukutani na kusema, "Anayetaka kuketi aketi. Anayetaka kusimama asimame. Anayetaka kutembea atembee, mradi asimkanyage mwenzake."

Nilidhani ananitega. Nilizunguka chumba mara moja nikimtazama kwa pembe ya jicho. Yeye alikuwa akipekua kiondo chake.

Kisha akatoa ndani ya kiondo kiatu kimoja cha akala, kile kinachoshonwa kwa tairi kuukuu kule Kariokor, akakiweka mezani. "Niulizeni maswali juu ya hiki mpaka nichoke." Tulianza na maswali ya darasani: kimetengenezwa kwa nini, kinauzwa wapi. Maswali hayo yalikwisha upesi. Halafu mmoja akauliza kwa nini tairi la gari huisha lakini akala haiishi. Mwingine akauliza mpira hutoka kwa mti gani, na nani alikuwa wa kwanza kuukata mti huo aone utomvu. Mimi nikauliza kama kiatu hicho kimesafiri umbali mrefu zaidi kikiwa tairi au kikiwa kiatu. Mwalimu alicheka. "Sijui," akasema. "Tungejuaje?"

Sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikipima kila kitu kwa hatua: uwanja, kichochoro, urefu wa ukuta wa kanisa. Wakati wa kula nilisimama, nikaketi, nikasimama.

"Mtu mwenye kipawa hukaa chini," baba akasema.

"Mwalimu amesema tunaweza kusimama."

"Basi kawaambie huko kwamba hapa ni nyumbani."

Ndivyo muhula ulivyokwenda. Tulipima urefu wa tangi la maji kwa kivuli chake. Tulijenga daraja la magazeti na kulipakia matofali hadi likaanguka, kisha tukalazimika kueleza lilianzia wapi kuvunjika. Tulibishana kama samaki anajua kuna maji. Nilifurahi, lakini ilikuwa furaha isiyokalika. Kila alasiri nilingoja mlango ufunguliwe na mtu aseme palikuwa na kosa, kwamba jina lililotakiwa lilikuwa la mwenzangu wa dawati. Na nje, watoto wengine walituita majiniasi. Nikikosea jibu lolote darasani, hata tahajia, kulikuwa na sauti ya kusema, "Jiniasi huyo!" Mtihani wa muhula ulipokuja nikawa nambari kumi na moja. Baba aliitazama ripoti kwa muda.

"Kipawa gani hiki cha nambari kumi na moja?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua kweli, na hilo lilinichoma zaidi.

Muhula uliofuata mwalimu alituambia tuchague swali moja, letu sote, tulitafutie jibu mpaka shule ifungwe. Tulipendekeza mengi: kwa nini taka hazikusanywi upande mmoja wa barabara, kwa nini redio ya jirani husikika zaidi mvua ikikaribia. Kulikuwa na mvulana mmoja kutoka Kariobangi ambaye alizungumza kidogo sana. Babake alikuwa fundi wa mabati huko. Alikuwa ameketi juu ya sinki, akasema bila kuinua macho, "Mimi nataka kujua tulichaguliwaje."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blausi, akaivaa tena.

"Una hakika unataka kujua?" akamuuliza.

"Manze, si ni swali tu," mvulana akasema, kisha akakumbuka anazungumza na nani. "Samahani, mwalimu. Ni swali tu."

"Si swali tu," mwalimu akasema. "Lakini limekubaliwa."

Vile vijitabu wageni walikuwa wameenda navyo, kwa hiyo tulichora upya ubaoni picha tulizokumbuka. Iliyotukaa sote akilini ilikuwa ya nyumba yenye paa lililochongoka, mti mmoja, ua wa mbao, na moshi unaotoka juu. Nini kinakosekana? Sote tulikuwa tumesema bomba la moshi. Mwalimu akatuambia ndiyo, hilo ndilo jibu lililotakiwa.

"Mlijuaje?" akauliza.

Mvulana wa Kariobangi alijua kwa sababu babake alitengeneza mabomba ya moshi ya tanuri za mikate. Msichana mmoja alikuwa ameona nyumba kama hizo kwenye katuni. Mimi nilijua kwa sababu ukutani kwetu kulikuwa na kalenda iliyopita wakati, ambayo baba aliileta kutoka ofisini, na ilikuwa na picha ya nyumba ya Ulaya kwenye theluji. Niliitazama kila siku nikinywa uji. Kila mtu kati yetu alikuwa na mlango aliopitia kulifikia lile bomba.

Tulikwenda kuwauliza ambao hawakuchaguliwa. Mimi nilimchukua mwenzangu wa dawati. Nilimchorea nyumba ile kwenye karatasi wakati wa mapumziko, nikamuuliza alikuwa amejibu nini.

Aliitazama, akaanza kukumbuka. "Niliandika haina majirani."

"Majirani?"

"Si uone. Nyumba iko peke yake. Hakuna ukuta wa mtu, hakuna kamba ya nguo, hakuna mtoto. Wakiugua wanamwita nani?"

Nilirudi na jibu hilo chumbani nikalisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Nilizunguka meza, nikazunguka tena. Nilikuwa pale kwa sababu ya kalenda, na yeye hakuwa pale kwa sababu alifikiri.

Tuliwaka moto. Tukaamua kutunga mtihani wetu wenyewe, wa haki, wa mitaa yetu. Tulichora jiko la makaa lisilo na kile kimlango cha kuingizia hewa. Tulichora mkokoteni uliopakiwa vibaya na kuuliza utaanguka upande gani. Tulikuwa na hakika kwamba mtihani huo ungewapata wenye akili wote bila kumwacha hata mmoja. Tuliwapa darasa la tano zima, na wengi walifanya vizuri sana, akiwemo mwenzangu.

Lakini kulikuwa na msichana aliyekuwa amehamia karibuni kutoka Busia. Kila mtu alijua ni mkali. Alizidisha tarakimu kichwani huku akiruka kamba. Alifeli mtihani wetu. Tulipomuuliza kuhusu jiko, alitutazama kama anayetuonea huruma.

"Kwetu tunapikia mafiga," akasema. "Mafiga hayana mlango."

Mvulana wa Kariobangi alichukua kifutio akafuta ubao wote, polepole, kutoka juu hadi chini. Alikuwa karibu kulia. "Kwa hivyo hakuna mtihani?" akamuuliza mwalimu. "Hakuna hata mmoja?"

"Sijui," mwalimu akasema. Safari hii hakucheka.

Tulibishana alasiri hiyo hadi mlinzi akaja na funguo. Wengine walitaka tulitupe swali hilo tuchague jingine. Mimi nilisema, nikiwa nimesimama juu ya kiti, kwamba kama hatujui nani anafaa kuwa hapa, basi aje anayetaka. Nilisema kwa sababu ya joto la maneno, lakini wenzangu walilishika neno hilo, na kesho yake tukajikuta sote mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee mrefu, mtu wa kanisa, asiyependa mambo ya ghafla. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Watoto," akasema, "wazazi wengine wangetoa chochote ili mtoto wao apate nafasi hii. Nyinyi mmepewa. Mnataka kuirudisha?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Tunataka kuipanua."

Alimtazama mwalimu wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kiondo chake begani. "Wewe ndiye umewafundisha haya?"

"Nimewafundisha kuuliza, mwalimu mkuu. Mengine wameyafanya wao."

Alifikiri, akaturuhusu siku ya Ijumaa peke yake. Ijumaa ya kwanza chumba kilifurika. Wengine walipanda madirishani, sinki moja likang'oka, na hakuna tulichojifunza. Ya pili ilikuwa afadhali. Baadaye wakabaki wale waliopenda kweli, na kati yao alikuwa yule msichana wa Busia, ambaye baada ya muda mfupi alikuwa akituongoza sote.

Mwenzangu wa dawati alikuja mara mbili tu. Nilimfuata uwanjani kumuuliza sababu. Nilikuwa nimeumia, maana kwa moyo wangu kazi yote ile niliifanya kwa ajili yake.

"Huko kuna maswali mengi, na hakuna linaloisha," akasema. "Kichwa kinaniuma. Mimi napenda kumaliza."

"Lakini wewe una akili kuliko mimi."

"Najua," akasema, bila majivuno. "Nani alikuambia mwenye akili lazima apende hayo?"

Siku ya wazazi, mwalimu aliwagawia akina baba na mama waliofika mayai mabichi na magazeti, akawaambia watengeneze kitu cha kulikinga yai likiangushwa kutoka ghorofa ya kwanza. Baba alikuja na suti yake ya kazini. Nilitarajia atakaa nyuma akiangalia saa. Badala yake alivua koti. Yai lake la kwanza lilipasuka, la pili pia. Wazazi wengine walipokwenda kunywa chai, yeye alibaki amepiga magoti sakafuni, akikunja karatasi, akikunjua, akizungumza peke yake. Mama alimwita, hakusikia. Nilimtazama mtu huyo ambaye miaka yote aliniambia nikae chini, nikaona ncha ya kiatu chake inapigapiga sakafu bila kupumzika.

Darasa halikufika mwisho wa mwaka uliofuata. Wageni wale hawakurudi, mwalimu akahamishiwa shule nyingine, na chumba kikawekwa viti vilivyovunjika. Mvulana wa Kariobangi familia yake ilihama, sikumwona tena. Msichana wa Busia ni daktari sasa, na mwenzangu wa dawati ana duka la vitambaa na ameniambia mara nyingi kwamba anaridhika. Mimi nimefanya kazi hii na ile, nimeacha, nimeanza upya. Wakubwa wangu wamenisifu na kunilalamikia kwa jambo lile lile: siachi kuuliza.

Siku ya mwisho mwalimu hakutuaga kwa hotuba. Alitukuta tukibishana kuhusu sababu ya moshi kupanda juu, akasikiliza kidogo, akapinga hoja yangu, akaangalia nje kwa sababu gari la kumchukua lilikuwa limefika. Alichukua kiondo. Tulikuwa bado hatujakubaliana, nami nilimfuata mpaka langoni nikimwambia kwamba amekosea.

"Pengine," akasema, akapanda garini.