Nusu Kikombe

Aibu niitoe kwanza tumalizane: fuvu langu likiwa na tundu, kichwa kimebanwa kwa chuma, madaktari wamenizunguka, nililia mpaka kamasi kwa sababu ya kikombe cha maji.

Mimi nauza kahawa chungu Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Mkono wangu wa kulia ukikaa pajani ulikuwa mpole kama mkwe mpya. Ukishika dele la kahawa kumimina tu, waanza kucheza utadhani umepigiwa ngoma. Wateja wangu wote walikuwa wakiagiza nusu kikombe, wa kwanza wao rafiki yangu fundi cherehani. Nami najisifu: kahawa yangu kali, hakuna mwanamume wa kumaliza kikombe kizima!

Ijumaa moja nikammwagia mtu kahawa kwenye kanzu nyeupe, yuwaenda msikitini. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Jioni nikamwambia mke wangu naacha kazi.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari akatueleza kuna utafiti: wapasuaji hutia waya mwembamba ndani ya ubongo, ukapitishwa umeme kidogo, mkono ukatulia. Huenda ukanifaa, huenda usinifae, na damu yaweza kuvuja.

"Tena utakuwa macho," akasema, "ili tuuone mkono ukifanya kazi."

"Toboeni tu, daktari. Shule niliachia darasa la sita. Ubongo wenyewe bado uko kwenye nailoni."

Daktari akacheka. Mke wangu akanifinya.

Siku yenyewe utani ulinikauka. Ganzi iliua maumivu, lakini keekee haina ganzi ya masikio. Ilinguruma kama jirani anayetoboa ukuta, na ukuta ni wewe. Nikasoma kila dua niijuayo, nyingine nikaziunganisha.

Kisha daktari akanipa jagi dogo na kikombe. "Haya mzee, tumiminie."

Maji yakaenda kila mahali ila kikombeni.

"Ngoja." Waya ukasogezwa, umeme ukawashwa. "Hebu tena."

Nikamimina. Maji yakaingia, kimya, mpaka juu.

"Nani kanishika mkono?"

"Hakuna aliyekushika, mzee."

Hapo ndipo nilipolia. Muuguzi alinifuta pua, maana kikombe nilikataa kukiachilia.

Kidonda kilipopona nikarudi kwenye benchi langu, betri ndogo ya ule waya chini ya ngozi ya kifua, kofia imeficha kovu. Fundi cherehani akawa wa kwanza kuja. Nikashika dele, nikamwuliza, "Nusu, kama kawaida?"

Akautazama mkono wangu. Akalitazama paja lake.

"Jaza, yakhe, mpaka mdomoni. Miaka yote hii nanywa nusu, wadhani nilikuwa naogopa ukali wa kahawa?"