Shemeji Anaomba Kura kwa Simu ya Marehemu Mume Wangu

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu. Hayo mengine yaache vile nimeyaandika, hata pale nimetukana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, nina msichana mmoja wa miaka minane. Tunaishi Eastlands, si mbali na Donholm. Nina hasira mpaka juzi nimemfokea mama mboga wa watu, na maskini hakuwa na makosa yoyote.

Mume wangu alikuwa fundi wa viatu vya ngozi Kariokor. Alikuwa mtu wa watu, jameni. Na kwa simu yake alikuwa na mtindo wake, kila mteja anaandikwa na saizi ya kiatu. Mama Shiro 39. Pastor 43. Mimi mwenyewe nilikuwa Mpenzi 38. Nikimcheka ananiambia, "Jina mtu anaweza kubadilisha, lakini mguu ni ule ule."

Akaugua, akatuacha mwaka jana. Mnajua matanga yetu ya Nairobi, lazima mtu ashike simu ya marehemu apigie marafiki zake waje mikutano, wachange, mwili usafirishwe mpaka nyumbani, kwetu ni Western. Mdogo wake akaniambia, "Mulamwa, wewe lia tu, mambo ya simu niachie mimi." Mulamwa ndivyo tunavyoitana mashemeji kwetu. Nikampa simu na namba ya siri juu. Na nisimkosee, alifanya kazi. Watu walijaa, tukamzika vizuri. Baadaye nikiitisha simu ananiambia imeharibika, iko kwa fundi. Nikachoka kuuliza.

Msichana wangu naye hakumwachilia baba yake. Akitoka shule anachukua simu yangu anamrekodia meseji za sauti. "Dadi, leo nimeng'oka jino." "Dadi, Mami ameunguza chapati." Zinakaa hapo na tiki moja ya kijivu, hazijafika. Sikumkataza, niliona akiongea anapoa. Sasa mwezi uliopita niko jikoni nikasikia nduru. "Mami! Mami! Dadi ameniskiza!" Kuangalia, tiki zote zimekuwa za bluu. Hata sijapata pa kushika, meseji ikaingia kutoka kwa namba ya mume wangu:

"Habari yako Mpenzi 38. Ni mimi rafiki yako wa siku nyingi. Uchaguzi huu ndugu yangu anasimama MCA. Kama ulinipenda, nisaidie kwa kumpa kura. Mungu akubariki." Chini yake picha ya shemeji amevaa suti, meno yote nje.

Woi! Huyo mjinga alitumia kila mtu kwa hiyo simu, hata majina hakusoma! Yangu ikaanza kulia bila kupumzika. Mama Shiro alikuwa ametupa simu yake kwa beseni ya nguo akifikiri ni majini yanamwandikia. Pastor aliniuliza polepole kama kweli tulizika mtu. Wengine walikuwa wanacheka tu, na hao ndio waliniuma zaidi.

Nilimfuata shemeji Buruburu kwa ofisi yake ya kampeni ya hicho kiti cha udiwani. Simu ya mume wangu ilikuwa mezani inachaji, nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Nikamuuliza kama ana haya. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Mulamwa, punguza sauti. Watu wa ndugu yangu ni watu wa familia. Hata angekuwa hai angenipigia debe." Nikamwambia, "Angekuwa hai angekupigia hilo debe na mdomo wake mwenyewe, na sijui kama angekubali, maana alikujua vizuri!" Wahenga walisema kufa kufaana, nami nikadhani ni mambo ya mashamba na ng'ombe. Kumbe hata marafiki wa mtu wanarithiwa? Nikanyoosha mkono nichukue simu, akaitia mfukoni.

Kabla nifike nyumbani mama mkwe akanipigia akilia. "Mwanangu, nimezika mmoja, nimebaki na huyu. Usituanike." Nampenda huyo mama, ndiye alinishikilia pale kaburini. Lakini huyo mmoja aliyezika si ndiye alikuwa wangu pia?

Nikaenda kwa duka la kampuni ya simu kuuliza. Wakasema nikileta cheti cha kifo na kitambulisho changu, laini inafungwa. Nilikuwa nimeamua, naapa. Jana nimeshaweka cheti kwa mkoba, niko mlangoni, msichana akanijia na simu mkononi, anacheka vile hajacheka tangu tumzike baba yake. Shemeji ama hao vijana wake wamesikia ni mtoto anarekodi, na bado wakamjibu. "Asante mrembo. Mwambie Mami asisahau kumpigia Anko kura." Akaniuliza, "Mami, utampigia? Si Dadi amesema?"

Nilirudi ndani nikakaa kitandani na mkoba wangu.

Nikifunga hiyo laini mtoto ataanza kumlilia baba yake upya, na safari hii ni mimi nitakuwa nimemnyamazisha. Nikiiacha, mwanaume mzima ataendelea kujifanya baba ya mwanangu ili apate kiti. Mkiniambia nimwachie Mungu tutakosana hapa hapa kwa comments. Nyinyi mliolea watoto peke yenu, nishaurini, huyu mtoto nitaanza kumwambia wapi? Kwa sababu hata kabla nimjibu lile swali alikuwa ashafungua simu anarekodi, "Dadi, Mami amekubali."