Pengwini wa Sitaha ya Juu

Firmin hakuanza kwa kusema uongo, na hilo tumpe haki yake. Alipokuwa mlinzi kwenye lango la ghala moja huko Jeppestown, Johannesburg, aliimba kwaya katika kanisa la Wakongomani la Doornfontein, ghorofa ya pili ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha viatu. Sauti alikuwa nayo. Aliposikia kwamba meli za starehe zinazotoka Durban zinatafuta waburudishaji, alikwenda akaimba, wakamchukua, na kanisa zima likamwekea mikono kichwani na kumwombea. Pasta Lambert alisema Bwana anamsimamisha kijana wao mbele ya mataifa.

Kumbe kule melini waimbaji walikuwa wameshatosha. Kilichokosa mtu kilikuwa vazi la pengwini.

Ndiyo, pengwini, yule ndege wa baridi mwenye tumbo jeupe, na huyu alikuwa na mdomo wa sponji. Asubuhi Firmin alilivaa na kuwaongoza watoto kwenye michezo yao. Mchana aliwapungia watu wa bingo. Jioni muziki ulipofunguliwa kando ya bwawa la kuogelea, alicheza sitaha ya juu mpaka jasho likamjaa viatuni. Ilikuwa kazi halali na aliiweza. Lakini angemwandikiaje Pasta habari kama hizo? Siku moja, ukumbi wa maonyesho ukiwa mtupu, alipanda jukwaani, akashika maikrofoni iliyozimwa na kumpa mfagiaji simu ampige picha. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Amina zikamiminika mpaka akaona aibu kuzisoma, ila si aibu ya kutosha, maana baada ya muda alituma picha nyingine.

Aliyekuja kuyavuruga mambo, bila kukusudia, ni Mama Jeannine. Huyu ni mjane wa Bukavu, msusi katikati ya jiji, na kanisani wanamjua kwa ulimi wake mnyoofu: nywele zako zikikatika kwa dawa mbaya, atakwambia mbele ya watu. Mteja wake mmoja tajiri wa Sandton alikuwa anasherehekea kutimiza miaka hamsini, akaamua kwenda melini na marafiki zake, akamchukua na msusi wake. Mama alifurahi kupita kiasi. Atamsikia Firmin akiwaimbia mataifa!

Usiku wa kwanza aliingia ukumbini amevaa kitenge cha kanisa, akaketi kiti cha mbele kabisa. Pengwini alikuwa mlangoni akiwakaribisha wageni. Ndani ya lile vazi, Firmin alimtambua Mama mara moja. Waimbaji walikuja, wakaimba, wakaondoka. Usiku wa pili Mama alirudi kwenye kiti kilekile, na kila pazia lilipofunguliwa alinyoosha shingo. Firmin angeweza kumwendea, angalau amnong'oneze. Hakwenda. Alibaki mlangoni akimpungia mama wa watu kwa bawa lake, huku anajichukia.

Siku ya mwisho, kule sitaha ya juu, mpiga muziki akaweka rumba ya nyumbani. Hapo miguu ikamsaliti Firmin. Kanisani kwao, wakati wa kupeleka sadaka, kwaya huenda mbele kwa kucheza, na Firmin ana namna yake ya kuburuta mguu wa kushoto halafu kudunda mara moja. Hakuna mwingine achezaye hivyo. Mama Jeannine aliinuka kwenye kiti chake, akaja taratibu, akalishika bawa, wakacheza wimbo mzima. Aliomba wapigwe picha kwa simu yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, karibu na ule mdomo wa sponji, "Asante, mutoto yangu."

Firmin alijifariji kwamba Mama humwita kila mtu hivyo.

Mkataba ulipokwisha alirudi Johannesburg, na Jumapili ya kwanza akaketi na wanakwaya kama mtu aliyetoka vitani na nishani. Wakati wa ushuhuda Mama Jeannine alisimama. Firmin akajua siku zake zimekwisha. Akatazama sakafu na kungoja.

"Bwana asifiwe," alisema Mama. "Nilienda kwenye ile meli. Nilimusikia ndugu Firmin akiimba. Watu wote walisimama."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mwanamke asiyemdanganya hata mteja alikuwa amedanganya mbele ya Mungu, kwa ajili yake. Pasta Lambert akamwita mbele aimbe ule wimbo alioimba melini. Alikwenda. Angefanyaje? Akisema kweli, atamwaibisha Mama. Akinyamaza, uongo utabaki kanisani. Akaimba. Aliimba vizuri, tena vizuri sana, na watu walilia, na kila chozi alilolitazama lilimchoma.

Baada ya ibada alimkuta Mama njiani, amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akingoja ya waenda kwa miguu.

"Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Ulitaka niseme nini? Kanisa yote iliamini zile picha. Nikuvue nguo mbele ya watu?"

"Kwa hiyo ulinijua."

"Ule muguu, nani hajue?" Mama hakucheka. "Sikia, Firmin. Tangu nimuzike baba ya watoto, sikucheza hata siku moja. Pale juu ya meli nilicheza, na mutoto ya kwetu. Nilifurahi, vraiment, kweli kabisa. Ni hiyo nilitaka kushuhudia leo. Wewe ulinifunga kinywa."

Taa ikawaka kijani, watu wakavuka, wao wakabaki palepale. Firmin alikuwa amefikiri siku zote kwamba uongo wake ni mzigo wake mwenyewe.

"Mama, nitumie ile picha."

"Ukiipeleka kwa kwaya, watajua na mimi nilidanganya."

"Basi nisiipeleke?"

"Eish. Peleka. Mimi nitatubu yangu."

Mama akaituma na kurudisha simu mkobani. Picha ikaingia kwa Firmin: Mama katika kitenge chake, ameshika bawa la pengwini, kichwa nyuma, mdomo wazi kwa kicheko ambacho kanisa halijakiona tangu mazishi. Firmin aliandika chini yake: "Huyu ndege ni mimi. Sijawahi kuimba melini. Mama Jeannine ana ushuhuda wake, muulizeni." Akatuma.

Simu ya Mama ikalia mkobani, halafu ya Firmin ikaanza kulia, ikalia tena na tena. Hakuifungua. Washirika walikuwa bado wanatoka kanisani, simu mkononi, na mmoja mmoja walianza kugeuka upande wao. Uso ulimwaka kwa aibu, na safari hii hakuwa na vazi la kujifichia.