Familia Inayojiweza

Wiki iliyopita watu wa fondasio, lile shirika la misaada, walikuja tena shuleni kwetu, na mabango yao ya msichana mwenye bluzi nyeupe ya wauguzi anayecheka meno yote nje. Ni miaka mingi sasa wanashirikiana na shule yetu. Sisi tunawakusanyia wasichana wanaomaliza darasa la nane, wao wanachagua wachache na kuwalipia shule ya uuguzi kule chini kando ya ziwa, mpaka diploma. Prefe, mkuu wetu wa shule, ameniomba mimi mwalimu niwaandae wasichana wa mwaka huu. Nimekubali, kwa sababu uuguzi ni kazi nzuri na wasichana hawana kosa. Lakini nilifika nyumbani na hasira, nikashindwa hata kuchambua maharage.

Mimi pia niliwahi kuandaliwa.

Nilikuwa darasa la nane, kwetu juu ya Muheto, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi, au muganga, kama mama anavyowaita wauguzi. Nilikuwa nimemuuguza bibi yangu hospitalini Kirotshe, alipokuwa na kidonda mguuni, na pale nilimwona muuguzi mmoja anavyofungua bendeji. Aliilowesha kwanza, akangoja, akaongea na bibi habari za mashamba, ndipo akaivuta polepole. Tuliporudi nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga bibi bendeji, na kidonda kikapona. Basi fondasio ilipoanzisha mafunzo ya Jumatano mchana, nilikuwa wa kwanza kufika. Walitufundisha kunawa mikono, kupima joto, kutafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu wa mafunzo alimwambia prefe mbele yangu kwamba nina mkono wa kazi hii. Kilichobaki kilikuwa kutembelewa nyumbani, waone tunavyoishi, kisha waamue.

Mama akafanya kile ambacho kila mama wa milima hii hufanya akisikia mgeni anakuja: alizunguka kijiji akiazima. Viti vinne vyenye mito vilitoka kwa katekista. Kitambaa cha meza cha maua kilitoka kwa jirani wa juu, termosi ya chai na sahani nzuri kwa jirani wa chini. Kuku alikuwa wetu, wa mwisho aliyekuwa bado anataga. Hakuna aliyeona ajabu, maana wiki ile ile sufuria yetu kubwa ilikuwa kwenye posa ya watu wengine. Kwetu humkalishi mgeni kwenye kigoda ukamwonyesha matundu ya paa. Unampa heshima, na kila mtu anajua kwamba heshima hiyo imechangwa na kijiji kizima.

Kila mtu isipokuwa wao. Walikuja wawili, mama mmoja mwenye jile, kizibao cha mifuko mingi, na bwana mmoja aliyeshika tableti. Walikaa kwenye viti vya katekista, wakala kuku wetu, wakanyonya na mifupa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona kwa shingo ya kuku, ndiyo iliyobaki.

“Mama, munaishije hapa?” bwana wa tableti aliuliza.

“Tuko muzuri, Papa. Tunashukuru Mungu.”

“Hakuna shida?”

“Shida ya nini? Mugeni akifika, shida inatoka.”

Akamgeukia baba. “Na ile shamba mpaka ku muto, njo yenu?”

“Njo tunalima,” baba alijibu.

Na kweli ndilo tulilokuwa tunalima. Mwenye shamba alikuwa tajiri wa ng'ombe, aliyechukua sehemu yake kila mavuno na ambaye angeweza kutuondoa siku yoyote. Lakini baba angeanzaje kumlilia mgeni ambaye bado ana mfupa mkononi? Tulilelewa kwamba shida anaambiwa mtu aliyeshinda nawe shambani, si mtu uliyemjua asubuhi ya leo. Bwana alibonyeza tableti yake, akatabasamu, akaomba maji ya kunawa.

Baada ya hapo prefe aliniita ofisini. Hakuniangalia usoni.

“Binti yangu, wamesema familia yenu inajiweza.”

Nilifikiri ni habari njema. Ilibidi anieleze kwamba nafasi zimepewa wengine, wenye shida. Kisha akanipa methali, kana kwamba ndiyo niliyokuwa nimekuja kutafuta: mficha uchi hazai. Kweli, Papa Prefe, lakini uchi huo anaonyeshwa mkunga, haonyeshwi mpita njia. Sikumwambia hivyo siku ile. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nalia.

Mama alinishika mkono tukateremka mpaka ofisi ya fondasio. Tuliwakuta wote wawili.

“Papa, ile viti haikukuwa yetu,” mama alisema. “Ilikuwa ya katekista. Na shamba iko ya muntu ingine.”

Bwana aliweka tableti mezani. “Sasa Mama, tuamini nini? Ulitudanganya ile siku, ao unatudanganya leo?”

Mama akainamisha kichwa. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwita mama yangu mwongo, na aliyemwita alikuwa amekula kuku wake. Yule mama wa jile alinisikitikia, nakiri. Aliniambia shida ni nyingi kila mahali na wao wanalazimika kuchagua walio chini kabisa. Akanipa kalamu yenye picha ya fondasio. Nikasema asante, kwa sababu hata mimi nililelewa.

Nikasomea ualimu, kwa kuwa shule ya ualimu ilikuwa pale pale kijijini. Watoto ninawapenda, na kazi hii siionei aibu. Lakini sikuitaka, na mpaka leo nikimwona mtu anafungua bendeji kwa pupa natamani kumnyang'anya. Kunikataa ningewasamehe, maana nafasi ni chache. Nisichowasamehe ni kwamba walikuja kutafuta wauguzi wakaishia kupima nani analia vizuri zaidi.

Na milima yetu si mijinga. Mwaka uliofuata viti vilibaki kwa katekista. Mbuzi walihamishwa kwa majirani, termosi zikaingia chini ya vitanda, na akina mama walijifunza kukaa chini mbele ya wageni. Msichana mmoja wa kijiji cha Bihambwe, aliyekuwa darasa moja nyuma yangu, alikuwa na baba mzima mwenye afya. Siku ya wageni baba huyo alipelekwa kwa shemeji zake ng'ambo ya kilima, na mama mtu alipoulizwa alijibu, “Alikufa mu vita.” Mama wa jile alitokwa na machozi. Msichana akapata nafasi.

Simwonei kijicho. Leo ni muuguzi hodari, na mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake. Alipomaliza shule alitualika kwenye sherehe, mimi na mama. Fondasio ilimvika bluzi nyeupe, ikamwita “yatima wetu”, watu wakapiga makofi. Ng'ambo ya barabara, katikati ya waendesha pikipiki, baba yake alikuwa amesimama na kofia mkononi, naye anapiga makofi kama mtu anayepita. Familia zilipoitwa kupiga picha, mama yake na shangazi yake walikwenda kusimama naye. Msichana alitazama barabarani mara moja tu, kisha akaitazama kamera.

Njiani kurudi, tulipoanza kupanda kilima chetu, mama alisimama akanigeukia.

“Kama ningesema baba yako alikufa, wewe pia ungekuwa muganga.”

Nyumbani baba alikuwa anatungoja mlangoni. Alitupokea mizigo, akauliza kama tumekula. Mama alimtazama, akaketi pale pale kizingitini, akaanza kulia kwa sauti, na baba aliuliza ni nani amekufa.