Wimbo wa Kumpokea Chifu

Nimekana miaka mingi, mbele ya wenzangu wa chuo na hata mbele ya padre, lakini wewe nakuambia. Ule wimbo wa kumpokea chifu, ambao mwalimu wetu wa zamani aliuandika kitabuni na wanafunzi wa muziki wa Katanga wanaukariri mpaka leo, haujawahi kumpokea chifu yeyote. Ni uongo wangu. Nilikuwa na miaka tisa na sikukosea, nilikusudia.

Tulikaa Shituru, katika nyumba za kampuni, ambako ukuta mmoja ulitenganisha makabila mawili na muziki ukapita juu yake bila kubisha hodi. Jirani yetu Mluba alipiga likembe, kinanda chake cha vidole gumba, akitoka zamu. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa Msanga, na aliimba akitwanga muhogo. Bado nasikia mchi wake, na harufu ya muhogo uliovundikwa ikigombana na moshi wa kiwanda.

Mwalimu ndiye aliyeongoza kwaya ya parokia. Jumapili moja, wakijiandaa kumpokea askofu, alimtoa kambo mstarini mbele ya watu wote, akasema sauti yake ni ya kinu, si ya kanisa. Kambo alikuwa amevaa kitenge kipya. Alirudi nyumbani, akakikunja, na msimu mzima wa mvua akatwanga kimya. Bukari ya miezi ile, ugali wetu wa muhogo, niliila kama adhabu.

Baadaye mwalimu, akisomea shahada, akaja kwetu na kinasa sauti kutafuta muziki halisi wa wenyeji. Kambo hakujua kumnyima mgeni kitu. Akamwimbia wimbo wa kutwangia, ule wa kumsuta mkwe anayekula sana na kulima kidogo. Mwalimu hakujua Kisanga, lugha ya kambo, akaniuliza mimi maana ya wimbo. Nikamjibu, kwa adabu zote, kwamba huimbwa chifu anapoingia kijijini.

Kambo alisikia. Aliendelea kutwanga, mabega yakimtetemeka, na mgeni alipoondoka akaniambia, "Weye mutoto, Mungu iko nakuona." Jioni ile aliimba tena.

Nilipojiandikisha chuo kikuu kusomea muziki wa mkoa wetu, watu walidhani ni wito. Kumbe nilitaka kuona uongo wangu umefika wapi. Ulikuwa umefika kwenye mtihani. Swali la pili: eleza heshima ya utawala katika wimbo huo. Niliandika kurasa nne, nikapewa alama nzuri, na bila aibu nikaziita elimu.

Kambo amekufa. Siku hizi Shituru muhogo unasagwa kwa mashine, na mashine haihitaji mwitikiaji. Wasichana wa mtaani hawajui wimbo wowote wenye urefu wa kinu kimoja. Huenda wimbo wake unaishi kitabuni tu, umevalishwa cheo kisicho chake. Hilo likaanza kuninyima raha, nikaazimia kumwambia mwalimu ukweli kabla hajafa.

Juzi akapiga simu yeye mwenyewe. Amezeeka, sauti imekonda. Alisema kwaya yake itauimba wimbo ule mjini Kambove mbele ya chifu, lakini mama mmoja Msanga aliyewasikia mazoezini alicheka mpaka akakaa chini.

"Mutoto wangu, ni weye ulinifasiriaka," alisema. "Kweli iko ya shefu, ao hapana?"

Ukweli ulikuwa umeshafika ulimini. Ila mzee hakujua kunyamaza. Akanisifia kambo: alikuwa na sauti kuliko kwaya nzima, na yeye alilijua hilo hata siku ile alipomtoa.

"Ni juu alikuwa bila viatu, mutoto wangu. Na askofu alikuwa nakuya."

Nikaumeza ukweli wangu, nao ukateremka vizuri.

"Iko ya shefu, mwalimu," nikamwambia. "Na weye mwenyewe usimame mbele, uimbishe."