Ndege Hajui Kuhesabu

Mume wangu ni mpiga picha za pasipoti. Mchana kutwa anawakataza watu wasicheke. Lakini roho yake iko porini kwa ndege, na mimi fundi cherehani ndiye niliyeolewa na hao ndege wote.

Kumpiga picha ndege wa porini kuna ujanja wake. Mnaingia wawili kwenye kibanda cha turubai, kisha mmoja anatoka na kwenda zake, tena akijionyesha. Ndege hajui kuhesabu. Akiona mtu kaondoka, kwake kibanda ni kitupu, anaendelea na shughuli zake. Miaka tisa anayeondoka ni mimi. Yeye anabaki anakula uhondo, mimi narudi na umande kwenye sketi.

Juzi nikachoka. Nikamwambia, "Mimi si chambo. Nenda peke yako." Akaenda, kanuna.

Saa nne asubuhi nilikuwa nashona kola, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Mama watoto, njoo. Dume amegoma kulisha."

Nikaacha kola hapohapo. Ndege wake safari hii ni hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti akajizibia kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani manyoya ya mbawa yanapukutika, hawezi kuruka. Anachokula yeye na makinda ni kile anacholetewa na mumewe. Dume akisusa, wamekwisha. Na dume huyu alimwona mtu akiingia kibandani, hakumwona akitoka.

Nilimtukana mume wangu njia nzima, kimoyomoyo, maana pumzi ya kutukana kwa sauti sikuwa nayo.

Nilimkuta dume juu ya tawi kavu, koo limemjaa chakula, kakitolea macho kibanda. Ncha ya mdomo wa jike ilichungulia kwenye ufa, ikarudi ndani. Nikainama, nikaingia. Mume wangu alikuwa kasawajika.

"Tangu alfajiri hajalisha hata mara moja," akaninong'oneza. "Jana saa hizi alishakuja mara tano."

"Na wewe umekaa tu?"

"Nilidhani atazoea. Kila nikitaka kutoka najiambia, atakuja sasa hivi."

Nilitamani kumzaba kibao. Wana wa mwenzake wanakufa njaa, yeye anangoja picha.

"Haya, toka," akasema. "Akuone vizuri."

"Anayemwogopa ni wewe. Toka wewe."

"Na nani atajua kama kalisha?"

"Mimi sina macho?"

Aliitazama kamera, akanitazama mimi. Akanionyesha kidude cha kubonyeza, akatoka, akaenda zake polepole huku akikohoa ili aonekane.

Dume akaruka. Hakuja tunduni, aliondoka kabisa, akapotelea nyuma ya miti. Nikajilaumu: laiti ningekuja naye asubuhi, haya yote yasingetokea. Ndani ya mti makinda yakalia, sauti nyembamba, kisha yakanyamaza. Mdomo wa jike ukatoka tena kwenye ufa ukabaki wazi, haurudi ndani. Nilikaa hivyo, jasho linaniingia machoni, naogopa hata kujifuta.

Halafu nikasikia mbawa zikivuma, kama mtu anakung'uta shuka. Alitua penye tundu, akageuza kichwa, akakikagua kibanda kwa jicho moja. Nikabana pumzi. Akatikisa koo, tunda likapanda mpaka kwenye ncha ya mdomo, akalipenyeza ufani taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Jike akalipokea. La pili. La tatu. Makinda yakaanza fujo humo ndani. Nilihesabu mpaka kumi na saba, na kidude cha kamera sikukigusa. Kumbe miaka tisa nilikuwa naondoka na kuacha kitu kama hiki! Nililia kwa raha, na kwa hasira pia.

Alipokwenda kutafuta chakula kingine nilichomoka. Mume wangu alikuwa amesimama barabarani, shati limelowa.

"Kalisha?"

"Kalisha. Matunda kumi na saba."

Akachuchumaa palepale, akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika. Habari ya picha hakuiuliza.

"Kesho tunakuja wote," nikamwambia. "Na anayetoka ni wewe."