Mashine ya Maji ya Ibaba

Mimi si mtu wa kungoja. Nilipoolewa Ibaba kutoka kijiji chetu cha Ruanda, kilichonichosha upesi hakikuwa baridi wala milima, bali jiwe la kusagia. Mashine ya dizeli ya kijiji ilikuwa imesimama kwa kukosa dizeli, mume wangu alikuwa Zambia akitafuta maisha, na mimi kila alfajiri nilipiga magoti kusaga mahindi kwa mkono hadi mabega yawake moto. Nilimwambia mama mkwe waziwazi: mambo yakibaki hivi, mvua zikikatika narudi kwetu. Akaniomba nisimwambie mtu mwingine.

Bondeni kulikuwa na mashine ya kusaga iliyozungushwa na maji ya mto, iliyojengwa zamani na wamisionari. Iliwasagia watu miaka mingi, mpaka walipohamishiwa kijiji kipya huku juu, karibu na barabara, wakati wa Ujamaa. Mfereji ukajaa matope, gurudumu likaoza, mbuzi wakaigeuza zizi. Kila mkutano nilisimama kuuliza kwa nini tunangoja dizeli ilhali mto unapita bure. Mwenyekiti alinichoka.

"Haya, shemeji, umeshinda," akasema mwishowe. "Kesho msaragambo, kila mwanamume aje na jembe lake."

Wanaume wakazibua mfereji, wakaunda gurudumu jipya la mbao, wakayachonga upya mawe mawili yaliyokuwa yamelainika. Kulisha mahindi na kulilinda jiwe nikapewa mimi, maana mwenye kelele ndiye hupewa kazi. Siku maji yalipofunguliwa, jiwe la juu likazunguka, vigelegele vikapaa. Kisha unga ukatoka wa moto, umeungua, unanuka kama chungu kilichosahaulika jikoni. Watu wakaondoka na ndoo zao. Mwenyekiti akasema mashine imezeeka, tungoje dizeli. Nililia kwa hasira, nikaenda kufunga nguo zangu.

Mtu pekee aliyewahi kufanya kazi mle ujanani alikuwa baba mkwe. Lakini huko, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia majanini na kumpa mgongo. Jina lake silitamki. Nikiwa ndani ya nyumba, yeye haingii. Kijiji kizima hakikuliona kosa hilo: jiwe tulikuwa tumempa mtu ambaye anayelijua jiwe haruhusiwi kumkaribia.

Asubuhi iliyofuata nilishuka peke yangu kujaribu mara ya mwisho. Jiwe lilipoanza kuzunguka, nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta. Nikaganda. Pa kukimbilia hapakuwepo, mlango ulikuwa upande wake.

"We jiwe," sauti ikasema, "umemlalia mwenzako. Kuna kabari chini ya boriti. Aliye ndani aigonge kidogo, uinuke."

Nikaigonga.

"Jiwe, bado unalia. Aongeze."

Nikaongeza. Mlio ukashuka, ukatulia. Unga ukatoka wa baridi, laini, nikajaza kiganja nikacheka peke yangu. Nilidhani ameshaondoka.

"Jiwe," akasema tena, taratibu, "huyo aliye ndani bado anakwenda kwao?"

Kumbe mama mkwe hakunyamaza. Nilitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Nikaliambia jiwe, kwa sauti ya kupita ukutani: "Mwambie baba haendi."

Nikabaki. Kwa miaka yote mashine ile ilipokuwa ikisaga, yeye alikaa nje na mimi ndani, na jiwe likapokea maneno yetu. Tuliongea habari za mvua, za kahawa, za mume wangu asiyerudi kwa wakati. Alijua siku ninazoumwa kwa namna nilivyolisha mahindi. Ibaba nzima hakuna mtu niliyezungumza naye zaidi, wala niliyempenda zaidi.

Siku alipofariki, mama mkwe alinishika mkono akaniingiza ndani nimtazame. Nilimtazama sana. Ningekutana naye sokoni Isongole, ningempita bila kumtambua wala kumsalimia.